Kiini cha kalibu kisihame: kufunga kwa pini na bolti

Kalibu langu la kwanza la vifuniko vya ndoo, nililolitengeneza kwenye karakana ya Unga Limited hapa Arusha, lilirudi baada ya wiki tatu. Vifuniko vilikuwa vinene upande mmoja, vyembamba upande wa pili. Kiini, yaani kipande cha kalibu kinachounda upande wa ndani wa kifuniko, kilikuwa kimehama. Nilikifunga kwa bolti nne za M8 (unene wa milimita 8) bila pini hata moja, na tundu la kupitisha bolti ya M8 hutobolewa milimita 9. Plastiki ikiingia kwa shinikizo, kiini kinasukumwa pembeni, na kwangu kilikuwa na pa kwenda. Kazi ya bolti ni kukandamiza. Anayelinda nafasi ni pini.

Siku hizi nafanya hivi.

Hatua ya 1. Toboa kiini kwa nyuma kwa drili ya 6.8, kisha piga hesi (mizunguko ya kushikia bolti) ya M8. Hesi kamili iingie angalau milimita 12. Angalia mchoro kwanza, usije ukatoboa njia ya maji ya kupoza.

Hatua ya 2. Funga kiini kwenye bamba (sahani ya chuma inayokibeba), bolti zishike kiasi tu. Weka saa ya kupimia (kipimo chenye mshale kinachoonyesha kiini kimepotoka kiasi gani), kigongegonge kwa nyundo ya shaba hadi tofauti isizidi milimita 0.02, ndipo ukaze.

Hatua ya 3. Hapa usiwe na haraka kabisa. Bila kufungua chochote, toboa matundu mawili ya pini kupitia bamba hadi ndani ya kiini kwa drili ya 7.8, umalizie kwa rima ya 8 (kifaa cha kulainisha tundu na kulifikisha kipimo kamili). Rima ipate mafuta, na usiizungushe kinyume hata unapoitoa, maana makali yake yatakufa na tundu litakwaruzika. Matundu yakae kona kwa kona, ila moja lisogee milimita chache ili kiini kisiweze kurudishwa kinyume. Atakayelifungua kalibu siku ya usafi huenda si wewe.

Hatua ya 4. Fungua, puliza chembe zote za chuma. Pini ikaze kwenye bamba. Ncha ya upande wa kiini isugue kwa msasa laini hadi iingie kwa kusukuma na kidole gumba.

Hatua ya 5. Bolti ziwe mpya, daraja la nguvu la 12.9. Futa mafuta kwenye hesi, weka tone la gundi ya bolti ya nguvu ya kati. Ile ya kudumu achana nayo: kuifungua kunataka moto, na moto unaharibu uso uliokwisha kung'arishwa. Kaza kwa msalaba kwa spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), kwanza 20 Nm, kisha 35.

Kifuniko cha kwanza kikate, pima ukuta pande nne kwa maikromita, andika kwenye daftari la kalibu. Rudia kila linapotoka kusafishwa.