Kuongeza Kasi ya Kuteleza Mbele katika Hoki ya Barafuni

Mchezaji wa hoki ya barafuni anayetaka kasi aanze na magoti: ayakunje mpaka yafike usawa wa ncha za viatu au yazipite kidogo, kifua kikiwa juu na macho yakitazama mbele. Nguvu hutoka kwenye makali ya ndani ya chuma cha kiatu, yanayoukamata uso wa barafu huku mguu ukisukumwa pembeni na nyuma kidogo hadi unyooke kabisa, vidole vikimalizia msukumo. Kosa ninalolichukia zaidi ni kuuacha mguu huo nyuma; urudishwe upesi chini ya mwili, karibu na barafu. Hatua za kwanza ziwe fupi, ncha za viatu zikielekea nje, kisha zirefushwe.