Ndege haina ethi na radi inaipiga inatua salama: jinsi ya kukinga nyumba na sola yako huku nyanda za juu

Wakuu, mvua zikianza huku kwetu, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, kilio ni kile kile kila mwaka, Tukuyu, Uyole, Mafinga, Makete, Njombe, radi inapita usiku asubuhi unakuta king'amuzi kimekufa, inveta ya sola inanuka kuungua, chaja nazo kwaheri. Na mwenye nyumba anakwambia mbona ethi ipo, fundi alichimbia nondo kabisa. Sawa. Sasa ndege inapita katikati ya wingu la radi kwenda kutua Songwe, hiyo nondo kaichimbia wapi?

Hajachimbia popote, na bado inatua. Ndege ya abiria kwa wastani inapigwa kama mara moja kwa mwaka, tena mara nyingi ndege yenyewe ndio inaichokoza, pua au ncha ya bawa ikiingia kwenye wingu lenye chaji cheche zinaanzia hapo hapo. Radi inaingia tuseme puani, inakimbia juu ya bodi kwa nje, inatokea mkiani au kwenye bawa na kuendelea na safari yake, abiria wanasikia kishindo wanaona mwanga basi. Radi ya kawaida ina kama ampea 30,000 hivi, ila mainjinia wa ndege wanapigia hesabu ya ampea 200,000. Wanachofanya ni kuupa ule umeme njia ya nje, kufunga vyuma vyote viwe kitu kimoja, alafu mabaki yanayopenya wanayadaka mlangoni mwa kila kifaa. Nyumbani wengi tunafanya robo ya hayo tunalala.

Tuanze na ngozi ya nje, hii nitapita haraka. Kwenye ndege ya alumini, bati la sehemu za tenki la mafuta linawekwa unene wa kama milimita 2 ili radi isitoboe. Boeing 787 karibu nusu ya uzito wake ni kompoziti, ile ya nyuzi za kaboni ambayo inapitisha umeme vibaya, kwa hiyo chini ya rangi wamelaza wavu mwembamba wa shaba kuusafirisha. Haya mambo yamelipiwa kwa damu: tarehe 8 Desemba 1963 radi iliwasha mvuke wa mafuta kwenye bawa la Boeing 707 ya Pan Am karibu na Elkton, Maryland, Marekani, watu 81 wakafa wote, na baada ya hapo masharti yakakazwa. By the way vile vijiti vyembamba unavyoviona nyuma ya bawa watu wanasema ni vya kuzuia radi, sio kweli, vinamwaga chaji inayojikusanya kwenye bodi ili redio ya rubani isikoromekorome.

Bati lako la geji 30 sio ngozi ya ndege, ni jembamba, halifiki hata nusu milimita, na limekaa juu ya mbao. Kama nyumba yako iko juu ya kilima peke yake, au ni shule, kanisa, msikiti, usiishie kwenye haya ninayoandika hapa, weka mfumo kamili wa kinga ya radi, nondo za juu na angalau njia mbili za kushukia pande tofauti za jengo, shaba ya milimita za mraba 50, na hiyo waya isipite ndani ya nyumba sambamba na nyaya za umeme. Haya yanayofuata ni kwa ajili ya radi inayopiga jirani au kwenye laini ya TANESCO alafu inakuja kwako kwa kutembea kwenye waya, ambayo ndio inaua vifaa vingi.

Sasa kitu ambacho mafundi wetu wengi wanakiruka, kufunga vyuma pamoja. Kwenye ndege kila mlango, kila kipande kinachocheza kwenye bawa, kila boksi la vifaa, limefungwa kwenye bodi kwa utepe wa waya uliosukwa, na wanapima ukinzani wa pale kwenye kiungo kwa miliomu, yaani sehemu za elfu za omu moja, karibu na sifuri. Maana yake ndege nzima inapanda volti pamoja na kushuka pamoja, hakuna sehemu inayotofautiana na mwenzake, na kama hakuna tofauti ya volti hakuna cha kuunguza.

Nenda kaangalie nyumba ya kawaida ya Mwanjelwa au Ilomba: ethi ya meni switchi iko huku, fundi sola kaja na nondo yake kaichimbia kule nyuma, fundi dishi naye kafunga nguzo kwenye chuma chake, hakuna inayojuana na nyingine. Radi ikipiga mita mia moja tu kutoka hapo, ardhi yenyewe inakuwa na volti tofauti kati ya nondo na nondo, maelfu ya volti, na TV yako ambayo imechomekwa soketi ya TANESCO huku na waya wa dishi kule inakuwa ndio daraja. Ndio maana unasikia mtu ana ethi tatu na bado kila mwaka ananunua king'amuzi.

Dawa yake: funga baa moja ya shaba karibu na meni switchi, alafu leta hapo ethi zote, ya nyumba, fremu za paneli, bodi la inveta, nguzo ya dishi, bomba la maji kama ni la chuma. Kutoka nondo kuja kwenye baa tumia shaba ya milimita za mraba 16, hizo nyingine ya 6 inatosha kama huna nondo za radi juu ya paa. Nondo zenyewe zikiwa mbili au tatu ziachanishe umbali usiopungua urefu wa nondo moja, ziunge pamoja, na lenga omu 10 kushuka chini. Kwenye kiungo kwangua rangi na kutu mpaka chuma king'ae, tumia klampu, sio kuzungushia waya kwa plaizi. Kazi ya ndani ya meni switchi mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, usiingize mkono wako kwenye laini ambayo TANESCO hawajakata.

Na hapa sikiliza vizuri. Radi sio umeme wa kawaida wa 50 Hz, inapanda ndani ya mikrosekunde chache, yaani sekunde moja ukiigawa mara milioni, na kwa kasi hiyo waya wowote unaanza kupinga hata kama ni mnene. Mita moja ya waya, umeme ukipanda ampea 1,000 kwa kila mikrosekunde, inatengeneza kama volti 1,000 yenyewe tu. Kwa hiyo ethi yako inaweza kusoma omu 5 safi kwenye mita ya fundi, lakini kama waya umezunguka kona nne na ziada imeviringwa kama kamba ya kufungia ng'ombe, radi ikija hiyo ethi ni kama haipo. Waya wa ethi uwe mfupi, unyooke, kona iwe pana, ziada kata.

Hiyo hiyo hesabu ndio inaamua namna ya kufunga sachi protekta, madukani utaiona imeandikwa SPD. Kwenye ndege kila mlango wa boksi la kompyuta una vidude vya kudaka volti ya ziada na kuitupa kwenye bodi, kwetu kazi hiyo inafanywa na SPD. Upande wa TANESCO chukua ya Type 2 yenye 275 V kwa laini ya 230, ifungwe ndani ya meni switchi, na jumla ya nyaya zake, ile ya kutoka kwenye laini na ile ya kwenda ethi, isizidi nusu mita. Ikizidi unalipia pambo. Zile gadi za kuchomeka soketini sizikatai, ila bila ethi ya kweli hazina pa kuutupia umeme.

Upande wa sola usikubali fundi akufungie SPD ya AC, dai ya DC. Volti yake iwe juu ya volti ya paneli zikiwa wazi, yaani hazijaungwa na kitu, ongeza kama asilimia 20, kwa sababu paneli ikipata baridi volti inapanda, na asubuhi za Julai za Makete au Uyole unazijua mwenyewe. Kama paneli ziko mbali na inveta, zaidi ya mita 10, weka moja huku na moja kule.

Alafu kuna suala la mapigo ya sumakuumeme, wengine wanaita EMP. Tarehe 9 Julai 1962 Marekani walilipua bomu la nyuklia kama kilomita 400 juu ya bahari ya Pasifiki, jaribio la Starfish Prime, na baadhi ya taa za barabarani zikazimika Hawaii, kilomita 1,400 hivi kutoka pale. Pigo la hivyo linapanda kwa nanosekunde, haraka kuliko radi kabisa, ndio maana ndege za jeshi zilijengewa jukwaa kubwa la mbao tupu kule Kirtland, New Mexico, lisilo na hata bolti ya chuma, zikapandishwa juu zipigwe mapigo ya majaribio. Hapa Mbeya hakuna wa kutulipulia, ila radi ya jirani ni mdogo wake: haigusi waya wako, inatuma tu uga wa sumaku, na waya uliokaa kama kitanzi kikubwa unaunasa. Ndege wanasokota nyaya mbili mbili na kuzivisha koti la chuma lililofungwa ethi pande zote mbili. Wewe fanya hivi: waya wa chanya na hasi wa sola vipite pamoja bega kwa bega, sio mmoja upite kulia kwa paa na mwingine kushoto, na ikiwezekana upitishe kwenye bomba la chuma, bomba lifungwe ethi juu na chini.

Pamoja na yote haya, kuchomoa bado ni kinga namba moja, plagi na waya wa dishi vyote viwili, ila chomoa kabla radi haijafika. Ukiona mwanga hesabu, sauti ikija kabla ya sekunde 30 ujue iko ndani ya kilomita 10, hapo acha vifaa, ingia ndani, kaa mbali na bomba na nyaya mpaka zipite dakika 30 toka muungurumo wa mwisho. Mambo ya radi za kutumwa tuwaachie wenye nayo, hizi za mawingu zinatutosha.

Oktoba kabla mvua hazijaanza pita kwenye viungo vyote vya ethi, kaza, futa kutu. Na kila baada ya radi kubwa fungua angalia kidirisha cha SPD, kijani iko hai, nyekundu imeshakufa ikikulinda, nunua katriji mpya ubadilishe hiyo tu, boksi unabaki nalo.