Boksi la kusafiria na gitaa: pima gitaa lako kwanza, bei baadaye

Hadikesi yangu, yaani lile boksi gumu la gitaa, ilishuka Mwanza haina hata mkwaruzo. Nikaitoa kwenye buti ya basi, nikaipangusa vumbi, nikaibeba mpaka kwa shangazi najiona mjanja kweli safari hii nimejipanga, kufungua hivi, kichwa cha gitaa kimelala kama cha kuku aliyechinjwa, nyuzi ndo zinakishikilia tu. Nilikaa chini sakafuni nikaangalia. Shangazi akauliza "kwani ilikuwa hivyo tangu zamani?"

Sasa kosa halikuwa la basi wala utingo. Ile hadikesi niliinunua mtumba, ilikuwa ya gitaa la dreadnought, yale mapana ya nyuzi za chuma, na mi gitaa langu ni klasiki, lile dogo la nyuzi za nailoni. Dreadnought upana wake chini pale tumboni ni kama sentimita 40 na unene 12 na kitu, klasiki ni kama 37 kwa 10. Ukiangalia kwa macho unasema aah linaenea bana, tena linabaki na nafasi. Hiyo nafasi ndo iliyoniua. Kuanzia Dar, Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga mpaka Mwanza hesabu mwenyewe matuta ni mangapi, na kila tuta gitaa linaruka mle ndani linapigwa na boksi lenyewe nililolinunua lilinde.

Kwa hiyo kabla hujauliza bei ya boksi lolote, chukua futi ya fundi cherehani upime gitaa lako, urefu wote toka kichwani mpaka mkiani, urefu wa tumbo peke yake, upana wa juu, upana wa kiuno, upana wa chini, na unene pale penye unene mkubwa. Andika kwenye simu. Muuzaji atakwambia "hii inaingia gitaa lolote", we mwambie sawa, nipe vipimo vya ndani, na vya ndani ndo vyenye maana maana vya nje wanahesabu na ukuta wa boksi. Jumbo, yale magitaa makubwa kuliko dreadnought, inafika sentimita 43 upana wa chini kwa hiyo haitaingia kwenye la dreadnought hata ulisukume, na gitaa dogo ndani ya boksi kubwa ni ile hadithi yangu ya Mwanza. Ukiweza nenda dukani na gitaa lenyewe.

Ukishaliweka ndani angalia shingo imelalia wapi. Boksi zuri lina kama mto unaoshika shingo, na kichwa kinakuwa kinaelea, hakigusi chini wala pembeni wala mwisho wa boksi. Ingiza vidole chini ya kichwa, vipite bila kubanwa. Hapa ndo watu wengi hawaelewi, wanadhani kichwa kikilala kwenye sponji kimestarehe, kumbe kichwa cha gitaa kimeinama kwenda nyuma, na pale shingo inapokutana na kichwa mbao ni nyembamba na nyuzi za mbao zimekatwa fupi, halafu kichwa kimebeba vyuma vya kukazia nyuzi ambavyo vina uzito wake. Boksi likidondoka chali tumbo linasimama, kichwa kinataka kuendelea na safari, pakavunjika palepale. Ukiona kamstari kembamba kama unywele nyuma ya shingo karibu na kichwa usiendelee kukaza nyuzi, legeza ulipeleke kwa fundi, likiwa bado halijaachana gundi inaingia vizuri na kazi yake haionekani sana.

Funga kifuniko, inua boksi kidogo ulitikise taratibu ukiwa umetega sikio. Ukisikia "dugu" ndani, halifai, au linafaa ila una kazi ya kuziba. Kuziba si lazima gharama, fulana zako na taulo unazosafiri nazo zinatosha, jaza pembeni ya kiuno, mkiani, na weka nguo laini kichwani juu na chini kote kwa usawa, isikisukume upande wowote. Ila usijaze mpaka kifuniko kikandamize daraja la nyuzi, kifuniko kifunge kwa mkono bila kukikalia. Na kapo (kile kibano cha shingoni), tuna (kifaa cha kupatanishia nyuzi), yale makorokoro yote toa au weka kwenye kile kiboksi kidogo chini ya shingo, kapo moja ikizurura humo ndani kutoka Dar mpaka Arusha itachora gitaa lako ramani.

Aina zenyewe sasa. Kuna begi la kitambaa, kilo moja moja na nusu hivi, na mabegi nayo hayafanani, kuna lile jembamba kama mfuko wa suti linalokuja bure na gitaa (hilo ni la kuzuia vumbi, basi) na kuna lenye sponji ya milimita 20 mpaka 25 lenye kishikio cha shingo ndani. Hili la pili ni zuri sana kwa mtu anayebeba gitaa mwenyewe muda wote. Zipu iwe nene, mishono ya mikanda ya mgongoni ivute kwa nguvu palepale dukani, kama muuzaji akinuna jua kuna kitu anajua. Tahadhari moja tu, ukilivaa mgongoni kichwa cha gitaa kinakuwa juu ya kichwa chako na unasahau, mlango wa daladala haujasahau. Inama zaidi ya ulivyozoea. Kwenye boda vilevile, matawi.

Halafu kuna boksi la sponji ngumu lenye kitambaa nje na zipu, kilo 2 mpaka 3. Mi kwa maoni yangu hili ndo linafaa watu wengi wanaotembea na gitaa kavu (lisilotumia umeme) hapa kwetu, linashika gitaa vizuri, jepesi, na bei haiumizi kama hadikesi. Haliwezi kukaliwa na gunia la mchele lakini, tusidanganyane.

Hadikesi ya plaiwudi inacheza kilo 4 mpaka 5, kifuniko kikiwa na mgongo wa kuinuka kinahimili uzito kuliko kilicho bapa. Angalia bawaba, angalia mpini umepigwa ribiti au ni skrubu mbili tu, fungua na kufunga kila loki mara tano. Za plastiki ngumu zinavumilia maji na kugongwa zaidi. Juu kabisa kuna zile za faiba na kaboni kama Calton, au Hiscox za Uingereza ambazo ni nyepesi kwa ugumu wake, hizo ni za mtu anayeishi kwenye ndege, na kama gitaa lako lina thamani ndogo kuliko boksi basi fikiria tena.

Swali linaloamua yote haya ni nani atalishika gitaa. Likiwa mgongoni kwako au miguuni kwako, begi nene au sponji ngumu inatosha. Likienda buti au kwa watu wa mizigo, hadikesi, hamna mjadala. Kwenye basi mi huwa naongea na kondakta mapema kabla watu hawajajaa, wengine wanakuruhusu uliweke ndani, na ikibidi buti lisimamishe kwa ubavu au lilaze juu ya mizigo, sio chini yake. Boti ya Zanzibar usiliache nje kwenye upepo ule wa chumvi, nyuzi za chuma zinapata kutu upesi.

Ndege ni habari nyingine. Zile ndogo za Caravan za kwenda visiwani na mbugani mara nyingi mzigo ni kilo 15 tena begi laini, sasa ukitokea na hadikesi ya kilo 5 yenye gitaa la kilo 2 umeshakula nusu ya uzito wako. Ndege kubwa nyingi wanahesabu urefu jumlisha upana jumlisha kimo, mwisho sentimita 158, na boksi la gitaa lina urefu wa mita moja na zaidi peke yake, kwa hiyo piga simu kabla uulize kama wana utaratibu wa ala za muziki. Marekani toka 2015 kuna kanuni kwamba gitaa likienea kwenye nafasi ya juu ya viti na nafasi ipo, wanakuruhusu kuingia nalo, kwa hiyo wahi kupanda. Lakini hata huko usijiachie, Dave Carroll yule mwanamuziki wa Kanada mwaka 2008 gitaa lake la Taylor liliharibiwa kwenye mizigo pale Chicago, kulitengeneza ikamtoka dola 1,200. Likienda kwenye mizigo piga picha gitaa, boksi, na stika ya mzigo, na ukifika fungua kabla hujatoka uwanjani, ukishatoka nje madai yanakuwa magumu.

Nyuzi legeza kidogo, sauti moja au mbili kamili kushuka, sio kulegea kabisa. Seti ya kawaida ya nyuzi za chuma inayoitwa ya 12 (unene wa uzi mwembamba kuliko zote, inchi 0.012) inavuta shingo kwa karibu kilo 75, punguza mvuto huo ili boksi likidondoka shingo ipate nafuu.

Kuna na wanaotengenezesha kwa seremala, na si wazo baya hata kidogo, nimeona boksi la plaiwudi la mzee mmoja wa bendi limekaa miaka. Kosa lao ni sponji. Sponji laini ya godoro la bei rahisi inalala ndani ya miezi michache halafu gitaa linaanza kucheza, nenda kwa fundi wa makochi umuombe vipande vya hai densiti (sponji nzito isiyolala upesi), kisha kata kufuata umbo la gitaa, sio kutandika tu.

Na joto. Boksi jeusi ndani ya gari lililoegeshwa juani ni jiko, gundi inalainika na daraja linaanza kunyanyuka. Vilevile gitaa lililozoea unyevu wa Pwani ukilipeleka Dodoma kiangazi mbao zinakauka zinapasuka, kwa hiyo ukifika, ukiacha ule ukaguzi wa uwanja wa ndege, usifungue kwa pupa, liache ndani ya boksi saa kadhaa lizoee. Wazee wanaoita gitaa kavu "galatoni" wamelitoa jina kwenye magitaa ya Gallotone ya Afrika Kusini, na John Lennon wa Beatles mwenyewe alianzia kwenye Gallotone ambalo ndani lilikuwa na karatasi ya dhamana kwamba halitapasuka. La kwangu halikuja na karatasi hiyo. Sasa hivi lipo kwenye boksi la sponji ngumu lililolibana kiunoni, na kila safari kwenye kituo cha kwanza cha kuchimba dawa mi nashuka kwenda buti kwanza.