Marathoni ya Chicago na rafiki siku ya joto

Marathoni ya Chicago hukimbiwa Oktoba, lakini msiamini kalenda: mwaka 2007 joto lilizidi hadi mbio zikasimamishwa katikati. Siku kama hiyo sahauni muda mliokusudia. Mkizoea dakika 6 kwa kilomita, anzeni na 6:20 hadi 6:30, na mwendo aupange asiye na kasi kati yenu.

Kwenye kituo cha maji irukeni meza ya kwanza, kwani hapo ndipo watu wanaposongamana. Mmoja achukue vikombe vya kunywa, mwingine vya kujimwagia kichwani na shingoni. Bana mdomo wa kikombe, utakunywa ukiwa unakimbia. Nyweni kwa kiu, na kinywaji chenye chumvi kiwemo: maji matupu kupita kiasi hushusha sodiamu kwenye damu, na hilo laweza kuua.

Kila baada ya kilomita mbili msemeshe mwenzako. Akijibu ovyo, akiyumba, au akitetemeka kwa baridi juani, usimhimize amalizie. Simama naye, ita wahudumu wa afya, mpeleke kivulini, mmwagie maji baridi na umwekee barafu shingoni na kwapani. Usimwache peke yake hata dakika moja.