Kumpiga Time Eater kwenye Slay the Spire: panga karata zako hivi

Jamani mnaolia na Time Eater, yule bosi wa gemu la karata la Slay the Spire, njooni hapa. Juzi pale Ujiji tunasubiri mitumbwi ya dagaa nimempiga na simu ina chaji kiduchu, na siri yote ni karata chache ila nzito.

Huyu bosi ana damu 456, na kila ukicheza karata 12 anakukatia zamu yako palepale halafu anajiongezea nguvu 2, na hesabu haianzi upya zamu ikiisha, inaendelea tu. Kwahiyo ile deki (furushi lako la karata) ya visu vidogo vya Silent, mmoja wa wahusika unaocheza nao, itakuumiza sana, visu vinakula hesabu bure. Dogo mmoja kijiweni alikuwa anapanga njiti 12 za kiberiti kwenye benchi, kila karata anatoa moja, na ikamsaidia kweli. Ikifika ya 11 tulia, hakikisha ya 12 ni ya maana na ulinzi umeshaweka.

Afu damu ikishuka chini ya nusu anajiponya mpaka nusu na kufuta sumu yote, mara moja tu. Msogeze taratibu mpaka karibu na 228, mvushe kidogo, akishajiponya ndo umwage mizigo mikubwa.