Familia ya Phlox: anza na stigma, rangi baadaye

Wengi wanaofungua kitabu cha mimea ya California hukwama kwenye Polemoniaceae, yaani familia ya Phlox, kwa sababu wanaanza na rangi. Rangi ni kigeugeu hapa. Spishi moja huweza kuchanua maua meupe huku na ya waridi kule. Shika lenzi ya kukuza mara 10, uwe na wembe.

Hatua ya 1. Hesabu petali: ziwe 5, zimeungana chini kuwa mrija. Stameni (viungo vya kiume vya ua) 5 zimeshikamana na ukuta wa mrija huo. Tumba nalo limejisokota kama mwavuli uliokunjwa.

Hatua ya 2. Hapa usiharakishe. Pasua ua kwa urefu, utazame stigma, yaani ncha ya kiungo cha kike inayopokea chavua. Ikigawanyika matawi 3, na ovari (kifuko cha mbegu changa) ina vyumba 3, umefika nyumbani, kwenye familia hii. Phacelia, ya familia nyingine lakini inayowapotosha wengi, ina matawi 2. Baadhi ya Navarretia, zilizomo katika familia hii, nazo zina 2, lakini hizo utazijua kwa braktea (vijani vilivyo chini ya maua) zenye miiba inayochoma vidole.

Hatua ya 3. Tazama kalisi, kikombe cha kijani kinachoshika ua. Katika jenasi (makundi ya spishi) nyingi mbavu za kijani zimeunganishwa na utando mwembamba unaopitisha mwanga, nao huchanika tunda linapovimba. Utando wa Collomia, jenasi mojawapo ya familia hii, hauchaniki.

Hatua ya 4. Majani. Phlox: yamekabiliana mawilimawili, hayana mikato, na stameni zimepachikwa kwa vimo tofauti ndani ya mrija. Leptosiphon: yamekabiliana pia, ila kila moja limechanwa kama vidole. Polemonium: yanapishana, yana vijani pande mbili kama ngazi.

MASWALI

Swali: Nimeona mmea mrefu wenye maua ya zambarau, ni Phlox kabisa, ila petali ni 4.
Jibu: Basi si Phlox. Yaelekea ni Hesperis matronalis, wa familia ya kabichi. Angalia matunda: ni membamba na marefu kama maganda ya choroko.

Swali: Nikikuta mmea umeshakauka, maua hakuna?
Jibu: Usiuache. Tafuta kapsuli (tunda kavu) iliyopasuka vipande 3 ndani ya kalisi kavu. Kisha dondoshea mbegu tone la maji: spishi nyingi za familia hii, Collomia zikiwemo, hutoa ute papo hapo. Mimi hubeba kichupa cha maji kwa kazi hiyo tu.