Jinsi ya kuomba sasisho la usalama la chipu kwa dhamana, hapa Mwanza

Oktoba 2024 Qualcomm, watengenezaji wa chipu za simu, walitangaza kasoro ya usalama yenye namba CVE-2024-43047. Programu inayoendesha chipu inaachia kipande cha memori, kisha inarudi kukitumia kana kwamba bado ni chake. Mshambuliaji akiwahi kukijaza vitu vyake, simu inakuwa mikononi mwake. Dawa, yaani sasisho la usalama, huenda kwanza kwa kampuni iliyotengeneza simu, nayo ndiyo inakuletea wewe. Yangu haikufika.

Fungua Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utazame tarehe ya sasisho la usalama. Kama iko nyuma ya 5 Novemba 2024, chipu ni ya Qualcomm na simu inadai haina kipya cha kupakua, nenda kituo cha huduma cha kampuni ya simu yako.

Beba risiti ya EFD, boksi na kadi ya dhamana. Lakini kabla hujatoka nyumbani, piga *#06# na ulinganishe IMEI (namba ya utambulisho wa simu), tarakimu zote 15, kwenye simu, boksi na kadi. Laini mbili, namba mbili. Mimi nilitoka Nansio, kisiwani Ukerewe, na meli ya asubuhi bila kufanya hivyo. Dada wa kaunta alipitisha kidole kwenye kadi, tarakimu moja moja, akasimama kwenye ya mwisho: muuzaji aliandika 3, boksi lina 8. Fomu ikarudishwa. Ikabidi nivuke tena hadi Ukerewe, muuzaji asahihishe na kugonga muhuri, kisha nirudi. Siku mbili na nauli zimekwenda hivyo.

Usikate tamaa ukampa fundi wa mtaani aiflashi. Mdogo wangu alifanya hivyo, ikawekwa programu ya toleo la nchi nyingine, IMEI ikafutika na mtandao ukapotea kabisa.

Kwenye fomu usiandike "simu ina tatizo". Wataifuta simu data zote tu na kukurudishia. Andika: "Naomba sasisho la usalama la Novemba 2024," pamoja na namba ya modeli. Hifadhi picha zako kwanza, toa laini, dai stakabadhi yenye namba.

Wakati unasubiri, usipakie programu unazotumiwa WhatsApp. Kasoro hii hutumiwa na programu ambayo tayari imo ndani ya simu.

Siku ya kuchukua, kabla ya kusaini, tazama ile tarehe na upige tena *#06# hapohapo kaunta.